Lori la mjomba au mafuta ya Muanda? Jibu kwa kijana wa Katuba

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Barua yake nimeifupisha tu:

"Jambo papa. Nina miaka 24, nimepata diploma ya serikali katika mekanika. Mjomba wangu ana malori mawili ya kwenda Dar es Salaam. Anataka nianze naye kama boi-shofere, baadaye nitafute permi, yaani leseni, ya malori. Lakini binamu yangu wa Kinshasa anasema kuna kazi ya mafuta Muanda, na nyingine Uganda, mshahara mara tatu ya dereva. Anataka dola 600 za kufungua dosye. Mama naye hataki barabara, anasema shofere hana nyumba, ana vituo. Wewe umefanya kazi zote mbili. Ungekuwa mimi ungechagua nini?"

Jambo mwanangu.

Nitaanza na lile ambalo hukuliuliza. Hizo dola 600 usizitoe. Kampuni inayotafuta mikono haiitozi pesa hiyo mikono. Inakupima damu na macho kwa gharama yake, inakununulia buti, na ikikuhitaji kweli inakulipia hata tiketi. Nilipokuwa Muanda niliwaona vijana wamefika getini na karatasi zenye muhuri mzuri kuliko wa gavana. Mlinzi anaisoma, anairudisha, anasema kampuni hiyo haipo hapa. Mmoja wao alikuwa ameuza kiwanja cha baba yake. Simwiti binamu yako mwizi. Mara nyingi anayekuletea habari hizo naye kadanganywa na mtu wa juu yake. Lakini mwambie hapana, na umwambie leo.

Sasa swali lako. Nilipanda lori mara ya kwanza 1996 nikiwa boi-shofere, yule ambaye Watanzania wanamwita utingo. Volani, yaani usukani, nilipewa 2001. Mwaka 2009 nilikwenda Muanda, nikarudi 2015. Leo nafundisha madereva wa malori ya migodi. Kwa hiyo ninachokuambia nimekitoa mgongoni mwangu, na mgongo wenyewe unauma.

Nianze na barabara, kwa sababu ndiyo iliyo mlangoni kwako.

Shaba na kobalti ya Kolwezi, Fungurume na Likasi karibu yote inapita mjini kwetu ikielekea Kasumbalesa. Malori hayo hayo yanarudi na salfa, chokaa, mazutu (dizeli) na mashine. Kutoka hapa hadi mpakani hazifiki kilomita 100. Kwa gari ndogo unafika asubuhi hiyo hiyo. Ukiwa na tela lenye tani 30 za shaba unaweza kulala siku nne bila kuuona mpaka. Mstari unasimama kilomita na kilomita. Hapo ndipo utakapoishi, mwanangu, kwa sababu dereva anapolala wewe ndiye unayelinda. Utapika bukari katikati ya magurudumu, utanunua bidoni la maji kwa bei ambayo Katuba ingekuwa matusi, na usiku utakaa juu ya mzigo na tochi ukisikiliza kama kuna kisu kwenye turubai. Saa tisa usiku gari la mbele linasogea mita mbili. Usipomwamsha dereva hapo hapo, kuna mtu ataingiza pua ya gari lake kwenye nafasi hiyo, na mtagombana hadi asubuhi.

Ukivuka mpaka, kila kitu kinageuka. Kwetu tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto, na Tanzania vilevile. Malori mengi ya njia hii yana volani upande wa kulia, yametengenezwa kwa ajili ya kule. Kwa hiyo akiwa upande wetu dereva amekaa karibu na majani ya pembeni na haoni kinachokuja mbele. Akitaka kupita gari lingine, macho yake ni wewe uliyekaa kushoto. "Kuna gari?" "Kuna." "Sasa?" "Pita." Neno hilo moja, ukilisema vibaya, linaua watu. Kijana ambaye hajawahi kuendesha hata mita moja anabeba mzigo huo tangu siku ya kwanza, na hakuna anayemwambia kuwa hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Baada ya hapo ni Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, hadi Nakonde. Upande wa pili wa Nakonde ni Tunduma, na pale utapumua kidogo, maana watu wanaongea Kiswahili. Watakucheka ukisema bukari badala ya ugali, lakini utakula. Kisha Mbeya, Makambako, Iringa, na mlima Kitonga.

Kitonga nakusimulia kwa sababu mjomba wako hatakusimulia vizuri. Madereva wazee wanaongea juu ya Kitonga kama mchezo. Ukitoka huku unaushuka ukiwa na mzigo. Shaba haitikisiki, haimwagiki, ila ina uzito uliokaa chini kama jiwe, na mteremko unaivuta. Sheria ya kule ni kushuka na gia ambayo ungeipandia, uache injini ikushikilie, mguu uguse breki kwa vipindi. Mwenye haraka anashuka na gia kubwa huku amekanyaga breki mfululizo. Katikati ya mteremko harufu ya breki inaanza kuingia kabini, kama nguo ya pamba inayoungua kwa pasi. Ukiisikia harufu hiyo umeshachelewa, na bado kona ziko mbele. Mwaka 2003 niliisikia mara moja. Tulisimama kwa kuliegemeza tela kwenye ukuta wa mlima, na sikuweza kushika kikombe hadi jioni.

Mpaka Dar ni karibu kilomita 2,000. Safari ya kwenda na kurudi, ukichanganya mipaka, kupakia, kupakua na kusubiri karatasi, mimi niliihesabu mwezi mzima. Nyumbani nilikaa siku tatu, nne, kisha simu inalia.

Pesa sasa. Mshahara wa dereva haueleweki kwa sababu unakuja vipande viwili: malipo yenyewe, na posho ya njia. Hiyo posho ndiyo inayotuponza. Unaipata taslimu, unaishika mkononi, na mtu mwenye noti mfukoni kwenye kituo cha malori anajiona tajiri. Anakula vizuri, anakunywa, anasaidia huyu na yule, anarudi nyumbani na sukari ya Zambia na mshahara ambao tayari una madeni. Wengine wanaingia kwenye kuuza mazutu ya tajiri usiku, lita 20 hapa, 40 pale. Nimewaona wakifukuzwa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu tajiri naye anajua kupiga hesabu. Mama yako akisema shofere ana vituo anamaanisha pia jambo ambalo hakutaka kulitaja mbele yako. Virusi vya ukimwi vilisafiri kwenye njia hizi pamoja na mizigo, na nimewazika wenzangu wa miaka ya tisini. Siku hizi kuna dawa na kuna mahali pa kupima njiani. Pima, na ujiheshimu. Hapo sitaongeza.

Ajali unazijua. Februari 2019, kwenye njia ya Kolwezi karibu na Tenke, lori la asidi liligongana na basi, asidi ikawamwagikia abiria na wanakijiji. Walikufa watu zaidi ya 15. Nalitaja hilo kwa sababu asidi ni mzigo wa kila siku hapa Katanga. Migodi inaihitaji kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, na salfa ile ya njano inayokuwasha macho ukiifungua turubai inakwenda kutengenezewa asidi hiyo hiyo. Anayejifunza kuibeba vizuri hakosi kazi. Anayeibeba bila kujifunza namwogopa barabarani kuliko mlevi.

Halafu kuna mambo ambayo dereva hayawezi hata awe hodari vipi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, eti kwa sababu ya ugomvi wa bia na soda. Februari 2025 serikali yetu ikazuia kobalti isitoke nchini, na Oktoba mwaka huo ikafungua kwa mgawo. Lori la kobalti likisimama, dereva wa safari halipwi safari. Na treni ya Lobito nayo inakuja: tangu 2024 reli ya Angola ina waendeshaji wapya wenye mkataba wa miaka 30, na shaba ya Kolwezi imeanza kwenda Atlantiki kwa behewa. Wapo wanaosema malori yatakwisha. Mimi sisadiki. Treni haiingii ndani ya mgodi kuchukua mzigo kwenye ghala. Lakini njia ndefu ya mjomba wako, hiyo ya Dar, siwezi kukuapia kwamba utazeeka nayo.

Haya, mafuta.

Nchi yetu inachimba mafuta sehemu moja tu: Muanda, kule Kongo Central, mto unapoingia baharini. Yanatoka tangu 1975, baharini na nchi kavu, mapipa 20,000 na kitu kwa siku. Jirani yetu Angola anatoa karibu milioni moja. Utaona basi kwamba shamba letu ni dogo, na vijana wa Muanda wenyewe wako getini tangu alfajiri, nao wana haki ya kuwa wa kwanza. Usiku anga ya kule ni nyekundu kwa miali ya gesi inayochomwa, na pampu kati ya minazi zinainamisha vichwa kama kuku anayedonoa. Hakuna wa kukusalimia kwa Kiswahili. Ni Lingala, Kikongo na Kifaransa. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa bubu.

Julai 2022 serikali iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, watu wakaanza kuota hapa mjini. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Labda hapo ndipo ndoto ya binamu yako ilipoanzia.

Uganda mafuta yapo kweli. Yaligunduliwa 2006 pembeni ya Ziwa Albert, na mwaka 2022 kampuni ziliamua kuwekeza: visima vya Tilenga na Kingfisher, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, bomba linalopashwa moto kwa sababu mafuta yale yana nta na yakipoa yanaganda. Lakini sheria zao zinampa Mganda kipaumbele, na kazi kama usafirishaji zimetengwa kwa kampuni zao. Isitoshe, kazi nyingi za mafuta ni za kujenga na kuchimba. Bomba likishazikwa, visima vikishafunguliwa, maelfu wanarudi nyumbani na wanabaki wachache wa kuangalia saa na mita. Fikiria nyumba: waashi ni kumi, mlinzi ni mmoja.

Sasa kazi yenyewe, maana najua umeona picha za watu wenye helmeti safi. Niliingia kule kama dereva. Ndiyo, mlango wangu wa mafuta ulikuwa volani. Mkandarasi mmoja alitaka watu wa malori ya maji na ya kubeba mabomba, kwa sababu mtambo wa kuchimbia ukihama kutoka kisima hadi kisima unahamishwa vipande vipande kwa malori mengi. Niliendesha miaka miwili. Siku moja mtu wa sakafu aliumia mkono, wakaniuliza kama naogopa kelele.

Sakafu ni jukwaa la chuma juu ya kisima. Bomba moja la kuchimbia lina urefu wa mita tisa na ushee na uzito wa karibu kilo 300. Linashuka likining'inia, wewe na mwenzako mnalikamata kwa mabega, mnalielekeza kwenye shingo ya bomba lililoshikwa na kabari, kisha makoleo makubwa ya chuma yanalikaza. Tope linaruka, liko vuguvugu, linateleza kama mlenda. Kisha la pili, la tatu, saa 12 mfululizo. Ukibadilisha patasi, kile kichwa kinachokata mwamba, iliyo chini mita 2,000, mabomba yote yanatolewa, halafu yote yanarudishwa. Kidole kikikaa mahali pasipo pake kwa nusu sekunde hukioni tena. Nilifanya kazi na watu watatu wenye vidole tisa.

Tope lile si uchafu. Linapelekwa chini kwa makusudi, lina uzito uliopimwa, na uzito huo ndio unaozuia gesi isipande. Likiwa jepesi mno, kisima kinaanza kusukuma. Ndilo chimbuko la balaa la mtambo wa Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Mexico, Aprili 2010: kisima kilisukuma, gesi ikapanda, watu 11 wakafa. Kuna gesi nyingine inanuka kama yai bovu. Walitufundisha hivi: ukiinusa, kimbia kupinga upepo, na ukiinusa kisha harufu ikapotea, usifurahi, kwa sababu ikizidi inaua pua kwanza.

Wa baharini wanapitia bwawa pia. Mimi nilipelekwa Pointe-Noire, kule Kongo-Brazzaville. Wanakufunga mkanda ndani ya kibanda cha chuma mfano wa helikopta, wanakizamisha, wanakigeuza juu chini, nawe utafute dirisha kwa mikono. Cheti kile kinaishi miaka minne, halafu unazamishwa upya.

Kwa upande mmoja mafuta yaliishinda barabara kabisa, na lazima nikuambie ukweli huo hata kama ninakuelekeza kwingine: nilikuwa baba. Zamu yetu ilikuwa siku 28 kazini, 28 nyumbani. Piga hesabu: nusu ya mwaka, siku 182. Toa siku za ndege na za kulala Kinshasa, bado zinabaki 150 na kitu. Kwenye lori, siku nne mara 12 ni siku 48, mwaka mzima. Binti yangu mkubwa alinijua nikiwa Muanda, ambako ni mbali mara ishirini kuliko Kasumbalesa. Kwa hiyo mtu akikutajia mshahara, muulize siku za nyumbani, halafu ndipo mjadili dola. Na mtu wa mafuta akikutajia mshahara, muulize tena: je, zile siku 28 za nyumbani zinalipwa? Kwetu zililipwa nusu. Kuna wakandarasi ambao hawalipi kitu, hapo zile "mara tatu" za binamu zinakuwa mara moja na nusu.

Jambo la pili mafuta yalinipa ni adabu ya kazi. Kule mtu mdogo kuliko wote anaweza kuinua mkono kazi ikasimama, na bosi hamtukani. Nilikuja nayo huku, ndiyo ninayofundisha.

Lakini bei. Mwaka 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Sisi hatukujua kitu. Tulikuwa tunakaza mabomba. Tuliona mtambo wa pili haukuhamia kisima kipya. Tukaona nyama imepungua jikoni. Asubuhi moja karatasi ilibandikwa pale tulipokuwa tunasoma zamu, majina yamepangwa kwa alfabeti. Helmeti tulirudisha, buti tuliachiwa. Hakuna aliyefanya kosa. Bei iliamuliwa mahali ambapo hatujawahi kupaona, na mwaka 2020 ikafanya kituko kikubwa zaidi: tarehe 20 Aprili mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei ya chini ya sifuri, muuzaji anamlipa mnunuzi ayabebe.

Nilirudi hapa nikiwa na ujuzi wa sakafu ambao hakuna mtu Lubumbashi aliyeuhitaji, au ndivyo nilivyodhani. Lakini permi ilikuwa mfukoni. Wiki ya pili nilikwenda kwenye uwanja wa malori, mzee mmoja niliyemjua zamani akanitazama, akasema funguo hizi hapa. Mafuta yalinifungia mlango kwa karatasi moja. Barabara ilinipokea bila barua. Nyumba yangu ya Kampemba ina historia hiyo: matofali ni ya mafuta, bati ni la barabara.

Nimesema "ndivyo nilivyodhani" kwa sababu kuna mlango wa tatu, na huo nataka uufikirie kuliko yote miwili. Kila mgodi hapa, kabla ya kuchimba, unatoboa ardhi kuchukua sampuli. Ni kazi ya sondaji. Mabomba ni membamba, ya mita tatu, hayafanani kwa ukubwa na yale ya Muanda, lakini mwendo ni ule ule: funga, zungusha, ongeza, toa, soma kinachotoka. Tope lipo, saa 12 zipo, zamu zipo, na zinalipwa kwa dola. Msaidizi wa sondaji mwenye mekanika, anayejua kwa nini pampu ya hidroliki inapoteza nguvu, hakai msaidizi muda mrefu. Kipushi iko kilomita 30 kutoka kwenu, na mgodi wake uliofungwa 1993 ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Huhitaji binamu Kinshasa kufika huko. Na kama siku moja mafuta yatachimbwa upande wa Ziwa Tanganika, watakaotafutwa kwanza ni watu waliokwisha kushika mabomba.

Kwa hiyo, ungekuwa mimi? Ningepanda na mjomba, lakini kwa miaka miwili tu, na kwa maneno yaliyosemwa mbele ya mama. Boi-shofere wa familia ndiye anayedhulumiwa kuliko wote: halipwi kwa sababu ni mtoto wa dada, hafukuzwi kwa sababu ni mtoto wa dada, na volani hapewi kwa sababu ni mtoto wa dada. Mjomba aseme atakulipa nini kwa safari. Aseme pia lini atakupa gari likiwa tupu, uwanjani, ujifunze kurudisha tela nyuma. Dola 600, kama zipo kweli, zitengeneze pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na permi ya kweli kutoka CONADEP, ofisi ya serikali inayotoa permi. Permi ya kununua vichochoroni itakusaidia hadi polisi wa kwanza wa Zambia.

Kuwa na daftari. Kila kitu kinachoharibika njiani andika: kilometa, sehemu, dalili, mlivyokitengeneza. Diploma ya mekanika wanayo vijana wengi hapa mjini. Daftari la hitilafu 80 za lori moja kwenye njia ya Dar hana mtu. Nikiwa napokea watu kazini, ningesoma hilo kabla ya diploma. Zambia jifunze Kiingereza, ni bure, kila askari ni mwalimu. Ukiwa Lubumbashi kati ya safari, INPP, chuo cha ufundi cha serikali, wanafundisha kuchomelea. Kwenye mafuta, kwenye mgodi, kwenye gereji, mchomeleaji hafukuzwi wa kwanza.

Baada ya hiyo miaka miwili hama kwenye njia ndefu. Tafuta mgodi: malori ya ndani, mazutu, asidi kwa mafunzo, au hiyo sondaji. Sheria ya 2017 ya ukandarasi inataka kazi za namna hiyo zipewe kampuni ambazo Wakongomani wana hisa nyingi, na kampuni hizo zinatafuta madereva wa hapa hapa. Unalala kambini, unarudi nyumbani kwa zamu, na mama anakujua tena.

Mama mwambie nimesema yuko sahihi juu ya vituo. Mwambie pia kwamba Muanda hakuna mama.

Na siku ya kuondoka, kabla hujapanda, zunguka lori la mjomba polepole. Gonga kila tairi. Linalolia tofauti lina upungufu wa hewa. Tazama nati za magurudumu: ukiona mchirizi wa kutu unaoshuka kutoka kwenye nati, nati hiyo imelegea. Kisha inama pale tela linapoungana na kichwa, uangalie mabomba ya hewa. Ukikuta bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli, mwambie mjomba, kwa heshima, kwamba mtaondoka Jumatano.